Abraham Darby na Chungu cha Chuma

Chuma si kitu cha namna moja. Chukua jembe lililochakaa, ulipige kwa nyundo juu ya jiwe. Litapinda, lakini halitavunjika. Sasa mtazame fundi cherehani aliyeketi barazani. Ile miguu ya chuma ya cherehani yake, yenye mapambo, ukiipiga namna hiyo hiyo itakatika vipande kama chungu. (Usijaribu, fundi hatakusamehe.) Chuma cha jembe ni cha kufua. Chuma cha miguu ya cherehani ni cha kusubu, yaani kiliyeyushwa kikawa kama uji, kikamiminwa katika kalibu, kikaganda na kupata umbo.

Habari hii ni ya mtu aliyekifanya chuma cha kusubu kiwe rahisi, hata watu wa kipato kidogo wakaweza kukinunua. Jina lake ni Abraham Darby. Alikuwa Mwingereza, naye alikufa zaidi ya miaka 300 iliyopita.

MTOTO WA FUNDI MAKUFULI

Darby alizaliwa karibu na mji wa Dudley, katikati ya Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1670. Baba yake, John Darby, alilima shamba dogo na pia alitengeneza makufuli na misumari. Ndivyo ilivyokuwa sehemu ile. Wakulima wengi walikuwa na banda la uhunzi nyuma ya nyumba. Kazi ya shamba ilipopungua, walifua misumari wakaiuza.

Wazazi wake walikuwa wa dhehebu la Marafiki, ambalo leo lina waumini wengi katika Magharibi ya Kenya. Siku zile Marafiki walidharauliwa nchini Uingereza. Hawakuruhusiwa kusoma katika vyuo vikuu wala kushika vyeo vya serikali. Basi wengi walishika biashara na ufundi. Walifundishana kazi, wakakopeshana fedha, wakaozana watoto. Darby alisaidiwa sana na umoja huo maisha yake yote.

Alipokuwa kijana alipelekwa mji wa Birmingham kujifunza kazi kwa fundi aliyetengeneza vinu vya kusagia kimea. Kimea kinajulikana vizuri na wapika pombe wetu: ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Kule Uingereza kimea kilikaushwa kwa moto, na moto wa makaa ya mawe ulikiharibu, kwa sababu moshi wake una salfa yenye harufu mbaya. Kwa hiyo watengenezaji wa kimea wa sehemu ile walikuwa wamegundua ujanja. Waliyachoma kwanza makaa ya mawe katika lundo lililofunikwa, kama wachoma mkaa wanavyochoma miti. Moshi na sehemu ya salfa vikatoka, yakabaki makaa magumu mepesi yasiyo na moshi. Makaa hayo huitwa koku. Lishike jambo hili, tutalirudia.

BRISTOL

Mwaka 1699 Darby alimaliza kujifunza kazi, akamwoa Mary Sergeant, wakahamia Bristol, mji wa bandari upande wa magharibi. Mwaka 1702 yeye na Marafiki wenzake walianzisha kiwanda cha shaba ya njano mahali panapoitwa Baptist Mills.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja. Bristol ya siku zile ilitajirika kwa biashara ya watumwa. Meli zilitoka pale zikaenda Afrika ya Magharibi, zikanunua watu, zikawavusha bahari mpaka Amerika na visiwa vya Karibi. Miongoni mwa bidhaa zilizotumiwa kuwanunua watu hao ni vyombo vya shaba vilivyotengenezwa Bristol. Wenye viwanda vya shaba walipata faida yao humo. Vitabu vingi vinavyomsifu Darby hupita hapo kimya.

Mwaka 1704 alisafiri kwenda Uholanzi. Waholanzi walikuwa mabingwa wa vyungu vya shaba, naye alirudi na mafundi wao. Lakini vyungu vya shaba vilikuwa ghali. Mama wa nyumba aliyekuwa maskini hakuweza kununua chungu cha shaba. Vyungu vya chuma vilikuwapo, lakini vilikuwa vinene, vizito, na kila kimoja kilihitaji kalibu yake ya udongo. Fundi alijenga kalibu kwa siku kadhaa, akaikausha, akamimina chuma, kisha akaivunja ili atoe chungu kimoja tu. Kesho aanze tena.

Darby alitaka kusubu chuma katika mchanga. Unatengeneza kwanza mfano wa chungu. Unauweka katika sanduku, unaushindilia mchanga kila upande, halafu unautoa mfano kwa uangalifu. Mchanga unabaki na umbo. Unamimina chuma. Ukishatoa chungu, mchanga ule ule unautumia tena, na mfano ule ule pia. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo ilikuwa taabu, kwa maana chungu kina tumbo pana na mdomo mwembamba, na chuma kiliganda kabla ya kujaza pembe zote. Hata mafundi wa Uholanzi walishindwa.

Aliyemsaidia kufaulu ni kijana wa kazi aliyetoka Wales, jina lake John Thomas. Katika ukoo wa Thomas ilisimuliwa kwamba kijana huyo aliwatazama mafundi wakishindwa, akafikiri ameliona kosa lao. Usiku ule yeye na bwana wake walijifungia ndani ya kiwanda, wakaziba hata tundu la ufunguo ili mtu asichungulie, wakasubu chungu cha chuma kisicho na dosari. Ikiwa ndivyo hasa ilivyotokea au wazee waliongeza chumvi, shauri lao. Lililo hakika ni kwamba Thomas alibaki na Darby, na watoto na wajukuu wake waliwatumikia akina Darby kwa muda wa miaka mia na zaidi.

Mwezi Aprili mwaka 1707 serikali ilimpa Darby hati ya kuulinda uvumbuzi huo kwa miaka 14. Wenzake wa kiwanda cha shaba waliogopa kuweka fedha zao katika chuma. Basi akaachana nao, akatafuta tanuri la kwake.

TANURI BOVU LA COALBROOKDALE

Alilipata katika bonde la Coalbrookdale, karibu na mto Severn. Lilikuwa tanuri la zamani lililokuwa limeharibika. Darby alilikodi mwaka 1708 akalitengeneza. Wengine waliona gofu, yeye aliona mambo mengine. Mawe ya chuma yalikuwa pale pale milimani. Mawe ya chokaa yalikuwa karibu. Kulikuwa na kijito cha kuzungusha gurudumu la maji. Mto Severn ulipitika kwa mashua mpaka Bristol. Na chini ya ardhi kulikuwa na makaa ya mawe, tena ya aina isiyo na salfa nyingi.

Tueleze jinsi tanuri la namna hii linavyofanya kazi, kwa maana bila ya hilo habari ya Darby haieleweki. Fikiri mnara wa mawe, mrefu kuliko nyumba, ulio wazi juu na chini. Juu wanaume wanamwaga kwa zamu makaa, mawe ya chuma na mawe ya chokaa. Chini mivukuto mikubwa miwili, inayosukumwa na gurudumu la maji, inapuliza hewa ndani bila kukoma. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Makaa yanapoungua hutoa gesi inayoinyang'anya chuma ile oksijeni. Chokaa hushikana na mchanga na takataka nyingine, vikayeyuka pamoja na kuelea juu kama povu. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Chuma chenyewe ni kizito, hushuka chini kabisa.

Wahunzi wa Afrika walijua kazi ya kutoa chuma katika mawe miaka mingi kabla ya Darby. Huko Ufipa walijenga matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu. Lakini chuma chao hakikutiririka. Kilitoka kama donge lenye vitundu, likapigwa kwa nyundo mpaka takataka zikatoka. Sababu ni kaboni. Chuma kisicho na kaboni huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za joto. Katika lile tanuri refu linalopuliziwa sana, chuma hukaa na makaa kwa muda mrefu, kikala kaboni kiasi cha sehemu 4 katika 100. Chuma kilichoshiba kaboni namna hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 1,150 tu. Ndiyo maana hutiririka. Na ndiyo maana pia, kikishapoa, huvunjika.

Mafundi walipotoboa tundu la chini, chuma chekundu kilitoka kikapita katika mfereji mkubwa uliochimbwa mchangani, kikaingia katika vijifereji vidogo vidogo pembeni. Waingereza waliona mfano wa nguruwe jike aliyelala akinyonyesha watoto wake, na mpaka leo chuma hicho wanakiita kwa jina la nguruwe. Sisi tutakiita chuma cha mkuo, kwa kuwa kikiganda huwa mikuo. Ndicho chuma ghafi. Kutoka hapo ama kinayeyushwa tena na kusubiwa, ama kinapunguzwa kaboni ili kiweze kufuliwa.

MITI AU MAWE?

Kwa karne nyingi makaa ya tanuri yalikuwa ya miti. Tanuri likishawashwa haliruhusiwi kuzimika, linakula usiku na mchana kwa miezi mingi. Wenye matanuri walitunza misitu ya kukata kwa zamu, lakini mti uliokatwa leo ulihitaji miaka 15 au zaidi ukue tena. Mkaa wa miti haukuweza kusafirishwa mbali, kwa kuwa hupondeka njiani ukawa vumbi. Ndani ya tanuri vile vile, ukirundikiwa mawe mengi hupondeka, hewa ikashindwa kupita. Kwa hiyo tanuri halikuweza kuwa kubwa kupita kiasi. Mkaa ulikuwa ghali, na chuma kikawa ghali.

Watu wengi walikuwa wamejaribu kutumia makaa ya mawe. Mmoja wao, Dud Dudley, aliyekuwa wa ukoo wa Darby upande mmoja, alidai katika karne ya 17 kwamba ameweza, lakini kazi yake haikuendelea. Makaa ya mawe mabichi yana salfa, na salfa ikiingia katika chuma hukiharibu.

Darby alikumbuka koku. Mwezi Januari mwaka 1709 aliwasha tanuri la Coalbrookdale, akalilisha makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya mkaa wa miti. Chuma kikatoka. Mwaka ule ule kiwanda kiliuza tani 81 za vitu vya chuma, na vingi vyake vilikuwa vyungu, masufuria na vyombo vingine vya nyumbani. Vyombo vilipakiwa katika mashua, vikashuka mto.

Chuma cha koku kilikuwa na tabia yake. Kwa sababu ya joto kali, kilichukua silikoni nyingi kutoka katika mawe. Silikoni ilikifanya kitiririke vizuri na kujaza kalibu nyembamba. Kwa vyungu vya Darby, jambo hilo lilikuwa baraka. Uvumbuzi wake wa kwanza, kalibu ya mchanga, na wa pili, makaa ya koku, vilifaana kama kinu na mchi. Lakini kwa wahunzi silikoni ilikuwa balaa. Kukigeuza chuma hicho kiwe cha kufua kulihitaji kazi na gharama zaidi. Na siku zile chuma kingi kilitakiwa kwa ajili ya kufua: misumari, makufuli, majembe, viatu vya farasi. Kwa hiyo wenye matanuri wengine hawakumfuata. Kwa miaka 40 hivi waliendelea kukata miti yao.

KIFO

Darby alijenga tanuri la pili mwaka 1715. Alianza pia kujijengea nyumba karibu na kiwanda. Hakuwahi kuhamia. Aliugua muda mrefu, akafa mwaka 1717 akiwa na umri wa karibu miaka 40. Alizikwa Broseley, ng'ambo ya mto, katika makaburi ya Marafiki.

Hakuacha wosia, na deni lilikuwapo. Sehemu kubwa ya mali ya kiwanda ilikuwa imewekwa rehani kwa mfanyabiashara wa Bristol aliyeitwa Thomas Goldney. Mjane wake, Mary, alijaribu kuzisimamia hesabu, lakini naye alikufa muda mfupi baadaye. Watoto wakabaki yatima. Mwana aliyeitwa Abraham kama baba yake alikuwa na umri wa miaka 6.

Hapo kazi yote ingeweza kupotea. Tanuri lingeingia mikononi mwa wageni, na watoto wangekwenda kutumika kwa watu. Aliyewaokoa ni mjomba wao, Joshua Sergeant, ndugu wa marehemu mama yao. Alinunua sehemu ya hisa za kiwanda kwa ajili ya watoto. Ilikuwa sehemu ndogo, lakini ilitosha kuwaacha na mguu mmoja ndani ya mlango. Usimamizi ulishikwa na Richard Ford, mkwe wa marehemu, mpaka yule mtoto alipokua.

WALIOFUATA

Abraham wa pili alikuwa mtu makini. Shida ya kiwanda ilikuwa maji: wakati wa ukame kijito kilipungua, gurudumu likasimama, tanuri likazimwa. Katika miaka ya 1740 alifunga mashine ya mvuke iliyoyavuta maji yaliyokwisha tumika na kuyarudisha juu, yakazungusha gurudumu tena. Mitungi mikubwa ya mashine kama hizo zamani ilikuwa ya shaba, ghali mno. Coalbrookdale iliisubu kwa chuma, kwa ufundi ule ule wa vyungu. Tena katika miaka ya 1750 alipata njia ya kutoa chuma cha koku kilichowafaa hata wahunzi. Tangu hapo wenye matanuri wengine walifuata kwa haraka, na matanuri ya mkaa wa miti yakazimika moja baada ya jingine. Mwaka 1767 kiwanda kilisubu reli za chuma kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi.

Abraham wa tatu, mjukuu, alijenga daraja juu ya mto Severn, lote la chuma cha kusubu, lenye urefu wa mita 30 kutoka ukingo hadi ukingo na uzito wa tani zaidi ya 370. Lilisimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa mwaka 1781. Gharama zilipita makadirio, na mjukuu akabeba deni mpaka kufa kwake. Daraja bado lipo, na watu hupita juu yake kwa miguu.

Matanuri ya leo ni makubwa sana kuliko lile la Darby, lakini kazi ni ile ile. Sehemu kubwa ya chuma cha mkuo hakiachwi kipoe. Hupelekwa kikiwa bado uji kwenye chombo kingine, kikapulizwa oksijeni ili kaboni ipungue, kikawa pua. Humo hutoka nondo, misumari, mabati na majembe. Kingine hugandishwa mikuo, kikauzwa kwa viwanda vya kusubu. Hivyo hutengeneza mabomba, vifuniko vya mashimo ya barabarani, mwili wa injini ya gari, na sehemu nzito za mashine ya kusaga. Chuma cha kusubu hakipendi kupigwa, lakini ukikibebesha mzigo wa kukandamiza kinavumilia, wala hakitetemeki ovyo mashine inapokwenda.

Koku iliipumzisha misitu ya Uingereza. Lakini gesi inayotoka katika matanuri ya koku duniani kote leo ni miongoni mwa mambo yanayozidisha joto la dunia, na wahandisi wamo katika kutafuta njia ya kutoa chuma bila makaa. Nchini Brazil kuna matanuri ambayo bado yanatumia mkaa wa miti iliyopandwa kwa ajili hiyo.

Tanuri la Darby limehifadhiwa Coalbrookdale ndani ya jengo la makumbusho. Wajukuu zake walilipanua, lakini ndilo lile lile. Hapo karibu, kazi ya kusubu chuma iliendelea kizazi baada ya kizazi, mwishoni wakitengeneza majiko. Kiwanda hicho kilifungwa mwezi Novemba mwaka 2017, miaka 300 kamili tangu mwaka aliokufa Darby.